Chuma cha Baba na Magari ya Kota

Mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada, nilikuwa keateka wa kota za serikali hapa Isiolo: nyumba ishirini za mawe zilizozunguka uwanja mmoja wa vumbi. Ukame ulikuwa umechosha kila kitu. Kunguru walikuwa wakienda kwa miguu. Mimi mwenyewe nilimwona mmoja akitoka posta kwenda sokoni, anasimama kila hatua kumi kupumua, na hakuna aliyemrushia jiwe kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinama.

Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja, kubadilisha balbu na kusema kwamba fundi atakuja. Bomba lilikauka mwezi wa tatu, na tangu hapo tukawa tunaletewa maji na lori mara mbili kwa wiki. Lori hilo ndilo lililoleta mambo yote haya. Tangi letu lilikuwa mwisho kabisa wa uwanja, na uwanja wenyewe ulikuwa umejaa magari ya watu wa mjini. Walipenda kupaki kwetu kwa ajili ya kivuli cha kuta, na pia kwa sababu mimi nilikuwa nikiwalindia bila kuambiwa. Kulikuwa na pikapu za miraa, na malori ya ng'ombe yaliyokaa tu kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamekwisha. Jumanne moja lori la maji likakuta njia imezibwa. Dereva akapiga honi mpaka honi ikakauka koo, kisha akageuza na kuondoka na maji yake. Siku nne nyumba ishirini hazikuosha hata sufuria.

Ofisa wa nyumba wakati huo alikuwa Bwana Kaimenyi, Mmeru wa kule juu kwenye baridi. Alivaa sweta ya kijani katika joto letu lote kwa sababu alikuwa na vidonda vya tumbo, na tumbo lake, alisema, halikuwa limehamia Isiolo pamoja naye. Mfukoni alibeba chupa ya dawa nyeupe, akinywa kidogo kila mara mtu alipoanza kumweleza jambo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayetaka kumaliza siku.

Aliandika tangazo, nikalibandika kwenye mlango wa stoo, nikalisoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Gari litakalopaki uwanjani lazima liwe na kibali. Kibali kitapewa mkazi wa kota peke yake, gari moja kwa nyumba moja, na gari hilo liwe linatembea lenyewe. Gari lisilo na kibali litavutwa na trekta mpaka boma la karantini, lile la ng'ombe wa mnada. Likikaa humo siku kumi na nne bila mwenyewe kuja kulitoa, likitembea kwa magurudumu yake, litauzwa. Vifaa vya keateka, yaani toroli, ngazi na mapipa, vitakaa nyuma ya stoo na havihitaji kibali. Hilo la mwisho mimi ndiye niliyeliomba, kwa sababu ya toroli.

Nilipomaliza kusoma, watu wote wakamtazama Sista Teresia.

Teresia Nakuam alikuwa nesi, anakaa nyumba namba tisa, Mturkana kama mimi. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu. Mbele ya mlango wake ilisimama pikapu ya bluu juu ya matofali, haina giaboksi. Giaboksi ilikuwa kwa fundi mmoja Nanyuki, na ilikuwa kwa huyo fundi tangu mwaka uliopita. Kila mtu kota alijua mpango wa Teresia: akistaafu na mvua ikirudi, atanunua maziwa kule Kipsing na kuyaleta mjini kwa gari lake mwenyewe, na hatamwamkia daktari yeyote tena maishani. Jioni akitoka zamu alikuwa akikaa ndani ya pikapu ile, nyuma ya usukani, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Alikuwa anaiendesha hivyo hivyo bila kwenda popote. Mimi nimewahi kumwona akitoa mkono dirishani kuonyesha anakata kona.

Alikuja ofisini kuomba kibali. Kaimenyi akamuuliza kama gari linatembea. Akasema litatembea. Kaimenyi akanywa dawa yake, akamwambia sheria haina neno litatembea, ila kwa kuwa ni Sista atampa muda mpaka mwisho wa mwezi wa tisa.

Hapo mtu yeyote angeona lilipo shimo. Pikapu ile ikiingia bomani haitatoka, kwa kuwa kutoka ni lazima itembee, na giaboksi iko Nanyuki. Siku kumi na nne, kisha mtu wa vyuma chakavu.

Trekta tulipewa pamoja na dereva wake, kijana wa miaka arobaini anaitwa Gikunda. Huyo alitafuna miraa na alikuwa na kanuni moja maishani: yeye hashuki kwenye trekta. Akishuka, alisema, itazima, na ikizima itakuwa ni kazi ya watu wengine. Trekta yenyewe ilikuwa nyekundu na ilikwenda polepole kupita kiasi. Siku ya kwanza tulipovuta lori la ng'ombe kutoka kwetu mpaka bomani, mbuzi mmoja aliyekuwa na mimba alitufuata kwa ajili ya majani yaliyokwama kwenye bodi. Tulipofika, mtoto wake alikuwa ameshaachishwa kunyonya. Anayebisha aende akamuulize Gikunda.

Wa kufunga mnyororo alikuwa baba yangu mdogo, Lobokat. Yeye alikuwa na ng'ombe na ngamia kule Kipsing mpaka ukame ulipowamaliza. Akaja mjini na fimbo, kigoda chake cha kukalia na shuka moja, nikamwombea kibarua. Lobokat hakuwa amewahi kufunga mnyororo kwenye gari, lakini alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufunga alilizunguka gari lote polepole, akainama, akatazama mlango, akatazama nyuma, akapitisha kiganja kwenye bati. Kisha alisema, "Haina alama. Imepotea tu," na hapo ndipo alipofunga. Gikunda alimcheka, akamuuliza kama anatafuta pia masikio yaliyokatwa. Mimi nilijua anachofanya. Kwetu mnyama asiye na alama anaweza kuswagwa na mtu yeyote mpaka mwenyewe apatikane. Mwenye alama ni mwenye watu.

Kwa wiki tatu tulivuta magari na mambo yakaenda. Lori la maji likafika tangini. Boma lile, ambalo mwaka uliotangulia lilijaa ng'ombe wakilia, sasa lilijaa magari yaliyonyamaza. Lobokat alikuwa akienda kuyatazama saa kumi za jioni, kwa mazoea.

Shida ilianza na gundi. Vibali vilikuwa karatasi nyeupe zenye muhuri, na ofisi haikuwa na gundi, basi nikavibandika kwa uji wa unga wa njano nje ya vioo. Mbuzi wa mji huu wakati ule walikuwa wanakula kamba za viatu. Asubuhi ya pili nikakuta mmoja amesimama juu ya boneti ya mwalimu, analamba kioo, na kibali kimeingia tumboni. Kufikia Ijumaa mbuzi huyo alikuwa amekula vitatu, nikamwambia Bwana Kaimenyi kwamba kwa sheria yake mwenyewe huyo mnyama sasa ana haki ya kupaki kwa nyumba tatu. Hakucheka. Akasema niweke alama ambayo mbuzi hawezi kula, moja kwa magari yote, na nisimletee tena habari ya mbuzi.

Sasa nieleze kosa langu, maana ni langu. Chini ya kitanda changu, ndani ya gunia, nilikuwa na chuma cha marehemu baba yangu cha kuchomea ng'ombe. Ng'ombe hawakuwepo tangu nilipokuwa kijana; chuma ndicho kilichobaki. Alama yake ni nusu duara na mistari miwili chini yake, na ni ya ukoo wetu. Sisi tunaiita emachar. Ningeweza kwenda kwa fundi nikatengenezewa alama nyingine. Lakini jua lilikuwa kali, fundi alikuwa mbali, na mkono wangu ulijua chuma hicho tu. Nikawasha makaa, nikakipasha moto mpaka kikawa chekundu, nikapiga chapa kwenye madigadi ya kushoto ya magari kumi na tatu yenye vibali, Kombi ya Bwana Kaimenyi ikiwa ya kwanza. Rangi iliungua vizuri, alama ikakaa. Kombi ilitoa mlio kama ndama, na mimi sitabadilisha neno hilo. Mwalimu alilalamika kwamba nimeichoma gari yake kama mfugo, nikamwambia shukuru sijaihasi.

Lobokat hakuwepo siku hizo. Alikuwa ameenda Kipsing kuona kama kuna kitu kilichobaki, na hakukuta kitu. Alirudi Jumatatu asubuhi kwa miguu, mavumbi mpaka kwenye nyusi, akapita kwenye lango la kota, akasimama.

Mimi nilikuwa nafagia. Nilimwona akienda kwenye Kombi, akainama, akaweka kiganja juu ya alama. Akaenda kwenye gari la mwalimu. Akaenda la tatu, la nne, mpaka akamaliza yote kumi na tatu. Kisha akaweka kigoda chake chini katikati ya uwanja, akakaa, akafuta uso kwa shuka kwa muda mrefu. Nilipomfikia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Lowoi, mtoto wa kaka yangu, hizi zote umezipata lini?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni kibali tu, ni mambo ya ofisi, magari ni ya wenyewe. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema kibali ni karatasi, amekiona, mbuzi wanakila. Hii ni alama ya baba yake. Nikaeleza mara ya pili. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa kwamba mwenye mali hasemi mali yake mbele ya watu.

Siku hiyo hakwenda kwenye foleni ya mahindi ya msaada. Alisema mtu mwenye kumi na tatu hapangi foleni.

Nilipaswa kumweleza mara ya tatu. Lakini alikuwa amenyoosha mgongo, na sikuwa nimeuona mgongo ule ukinyooka tangu ngamia wake wa mwisho. Nilikuwa nimechoka pia. Nikamgawia mahindi yangu, nikanyamaza. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa akipita na shuka yake akifuta vumbi kwenye zile alama, na jioni anahesabu zilizorudi. Gari la mwalimu likichelewa alikuwa hapati usingizi.

Mwisho wa mwezi wa tisa ukafika, siku ya Ijumaa. Bwana Kaimenyi aliniita saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa amepata simu: mkaguzi kutoka Embu atafika mchana kuangalia kota, na akikuta gari juu ya matofali yeye Kaimenyi ataandikiwa barua. Akanywa dawa. Akasema, "Keateka, namba tisa leo. Sitaki kuiona nikirudi saa nne."

Teresia alikuwa zamu, anatoka saa nne.

Nilikwenda nikasimama mbele ya pikapu ile. Ndani kulikuwa na beseni, limepinduliwa vizuri kwenye kiti cha abiria, na kanga imefunika usukani usichomwe na jua. Nilikaa kidogo juu ya tofali nikafikiri juu ya nyumba yangu ya chumba kimoja, ambayo ilikuja na kazi na ingeondoka na kazi. Halafu nikaenda kuwasha makaa.

Watu wamesema mengi juu ya kwa nini nilifanya vile. Mimi nilikuwa nimefiwa na mke miaka sita kabla, kweli, na nilikuwa nimeangalia mkono wa yule mama ukikata kona dirishani jioni nyingi. Lakini naapa asubuhi ile nilifikiri juu ya Lobokat tu. Nilijua hatafunga mnyororo kwenye gari lenye alama ya nyumba yake, na nilijua Gikunda hashuki. Ambaye haniamini ana haki yake. Nikapiga chapa kwenye madigadi ya kushoto, rangi ya bluu ikaungua, nikarudisha chuma kwenye gunia.

Saa tatu na nusu trekta ikaingia. Lobokat akaja na mnyororo begani, akalizunguka gari kama kawaida yake, akafika upande wa kushoto, akasimama. Akanitazama. Akatazama mlango wa namba tisa. Akatazama alama tena, na taratibu akaanza kutabasamu, meno yote mawili. Akateremsha mnyororo chini.

Gikunda akamwambia mzee afunge. Mzee akasema hii haikupotea. Gikunda akasema basi Keateka afunge. Nikasema mgongo wangu. Gikunda akatafuna, akatazama juu ya vichwa vyetu, akasema yeye hashuki, lakini haondoki pia. Tukakaa hivyo, trekta ikinguruma, mpaka saa nne, Bwana Kaimenyi aliporudi na akina mama wote wa kota wakiwa wametoka milangoni.

Akauliza kwa nini gari bado lipo. Halafu akaiona alama. Akaniuliza nani ameipa kibali, nikasema ni mimi. Akauliza kama inatembea. Nikasema hapana. Akakaa kwenye bampa ya Kombi yake, akafungua chupa, akakuta imekwisha, akaifunga tena.

Lobokat ndiye aliyezungumza, kwa Kiturkana, na mimi ikanibidi nitafsiri maneno yanayonihusu mwenyewe. Alisema ofisa asisumbuke. Gari hili si la kupotea. Mtoto wa kaka yake ameliwekea alama ya nyumba, na gari ni la huyu mama, basi maana yake ni moja, kwa sababu kwetu mwanamke akiolewa huchukua alama ya mume na mali yake huchapwa chuma hicho. Alisema yeye kama mzee wa ukoo hana kipingamizi, na kwamba kati ya yale kumi na tatu watachagua matano ya kupeleka mahari kwa watu wa huyu mama.

Nilitafsiri yote isipokuwa hayo ya mwisho, kwa kuwa Kombi ilikuwa karibu.

Akina mama walicheka mpaka wakashikana. Kaimenyi hakucheka. Nilimwona anafikiri, alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi ilikuwa mlangoni pa stoo, niliibandika mwenyewe. Akauliza polepole kama kwa hiyo gari hili sasa ni la keateka. Maana kama ni la keateka ni kifaa cha keateka, na kifaa cha keateka hukaa nyuma ya stoo, na nyuma ya stoo hakuna haja ya kibali wala ya kutembea, na mkaguzi hapelekwi nyuma ya stoo. Lakini lazima mwenyewe aseme mbele ya watu, kwa sababu yeye hataki kesi ya gari la mtu.

Hapo ndipo Teresia alipoingia langoni, viatu vyeupe mkononi. Wakampisha. Akaja mpaka kwenye pikapu yake, akaona madigadi. Hakuigusa.

Kaimenyi akasimama. Akamweleza lile la trekta na lile la stoo. Kisha akamuuliza, "Sista, samahani. Hii gari ni yako ama ni ya keateka?"

Nimeishi miaka mingi na nimesema uongo mwingi wa kufurahisha watu, lakini la hapa siliongezi hata kidogo. Teresia alikuwa amefanya kazi usiku kucha, macho mekundu, na aliinunua pikapu ile kwa miaka ishirini na mbili ya kusafisha vidonda vya watu. Akiisema ni yake, mnyororo ulikuwa pale chini. Akamgeukia Lobokat, si mimi.

"Mzee, hiyo alama ni ya nani?"

"Ya nyumba yetu."

Akaweka viatu chini, akavivaa kimoja kimoja, akamwambia Kaimenyi, "Basi andika ni ya keateka." Akaingia ndani akafunga mlango.

Hakuna aliyecheka tena. Tuliondoa matofali tukaisukuma kwa mikono mpaka nyuma ya stoo, Lobokat akitangulia na kuita kama anavyoita ngamia. Mkaguzi alifika saa nane, akakaa dakika kumi, akanywa soda mbili, akauliza ile alama kwenye magari ni nini. Kaimenyi akasema ni alama ya kota. Mkaguzi akasema ni wazo zuri, lisambazwe. Kwa bahati nzuri hakuna kilichosambazwa.

Nikafikiri nimeokoa kitu. Jioni ile Teresia akatoka na beseni lake, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akitazama pale mahali patupu penye alama nne za matofali. Miguu kwenye maji, mikono mapajani. Hakuja nyuma ya stoo. Siku iliyofuata pia hakuja. Akipita aliamkia tangi, aliamkia ufagio wangu, mimi hakuniamkia. Wiki mbili. Pikapu ilikuwa salama na haikuwa yake, na mimi ndiye niliyeyafanya yote mawili.

Siku ya kumi na tano Lobokat akaja na ujumbe. Teresia alikuwa amemwita, akampa chai, akamuuliza kwa heshima kama kule Kipsing mtu anaweza kuweka alama kwenye mnyama kisha amwache mgonjwa. Mzee akamjibu haiwezekani, mwenye alama ndiye anayetafuta dawa na maji. Basi amwambie mwenye alama, akasema Teresia, kwamba mnyama wake hana utumbo, na utumbo uko Nanyuki.

Tulipata lifti kwenye lori la mchanga, mimi na Lobokat, na kigoda chake. Fundi wa Nanyuki alisema spea bado inakuja. Lobokat akaweka kigoda mlangoni pa gereji, akakaa, akaanza kuomba. Sisi Waturkana hatuoni aibu ya kuomba; tunaomba kama watu wengine wanavyopumua. Alimwomba giaboksi. Alimwomba chai, akapewa. Alimwomba kofia, akapewa. Siku ya tatu alimwomba koti, siku ya nne akamwomba kiatu cha kushoto, akaeleza kwamba cha kulia ataomba kesho. Wateja wakawa wanapita mbali. Siku ya saba fundi alitoka peku, giaboksi mikononi, imetengenezwa, akatuomba sisi tuondoke. Ilionekana spea ilikuwa kwenye kabati tangu Pasaka.

Nilibeba giaboksi ile mgongoni kutoka Nanyuki mpaka Isiolo. Lori lilitubeba sisi, kweli, lakini mzigo sikuushusha, na hiyo ndiyo maana bega langu moja liko chini mpaka leo.

Gikunda ndiye aliyeifunga kwenye pikapu. Ndiyo, alishuka. Trekta ilizima, kama alivyosema siku zote, na ikawa kazi ya watu wengine mpaka mwaka mpya. Alipokuwa chini ya pikapu mvua ya kwanza ikaanza, matone makubwa machache, yakipiga bati kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Teresia akaja nyuma ya stoo kwa mara ya kwanza, na sare yake ya kazi, ufunguo mkononi. Hakunitazama. Akaingia, akatoa kanga kwenye usukani, akawasha. Ikakohoa, ikawaka.

Alizunguka uwanja mara moja, mkono dirishani kwenye kila kona, akasimama mbele ya ofisi. Mimi na Lobokat tukafuata kwa miguu. Bwana Kaimenyi akatoka mlangoni na sweta yake, akatazama magurudumu, akatazama mvua, akarudi kuchukua kalamu na kitabu cha vibali vilivyobaki. Nyumba namba tisa. Gari moja. Linatembea lenyewe. Akauliza jina la mwenye gari, ingawa alilijua.

"Teresia Nakuam."

Akaandika. Kisha akaelekeza kalamu kwenye madigadi ya kushoto, akauliza kwa uchovu aandike nini kuhusu ile.

"Usiandike kitu," akasema Teresia. "Hiyo ni ya mtu ambaye hajaniuliza bado."

Akapokea karatasi yake, akaiweka ndani ya kioo mahali mbuzi hawafiki. Akamfungulia Lobokat mlango wa mbele, kwa kuwa ni mzee. Akaniambia bila kugeuka kwamba anakwenda Kipsing kuona kama kuna majani, na barabara ikiharibika atahitaji mtu wa kusukuma.

Nikapanda nyuma, kwenye mitungi mitupu ya maziwa.